Kwenda Kazini kwa Baiskeli Msimu wa Mvua: Kutoka Kiboswa Hadi Kibuye, Hatua kwa Hatua

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Kiboswa, kibanda changu kiko soko la Kibuye mjini Kisumu, na katikati pana mteremko wa Riat. Huu ni mwaka wa nane naendesha baiskeli kwenda na kurudi, masika na vuli, nikiwa na nguo za wateja kwenye keria. Sare ya mtoto wa watu ikifika imelowa tope, siwezi kumwambia mama yake kwamba ilikuwa mvua. Kwa hiyo nimelazimika kujifunza, na ninayoyaandika hapa nimeyajaribu mwenyewe barabarani.

Nina binamu anayeishi Oulu, kaskazini mwa Ufini, mji unaosifika kwa watu wake kuendesha baiskeli hata theluji ikianguka. Alinitumia picha ya tairi lililojaa misumari midogo ya kushika barafu. Tulipoanza kulinganisha safari zetu kwa simu, tulikuta tunaogopa mambo yaleyale: breki ya ghafla, kona, kitu kinachong'aa barabarani, na dereva asiyekuona. Sisi hatuna barafu ya kukanyaga, ingawa mvua ya mawe tunaijua. Mwaka 2008 karibu na Nyahururu mawe yalitanda kilimani hadi watu wakadhani ni theluji. Lakini tope jekundu la huku Kiboswa na Maseno likilowa, mtu aliyelikanyaga mara moja haulizi barafu ikoje.

Hatua ya kwanza: ijue mvua ya njia yako

Kabla hujanunua chochote, chukua wiki mbili uitazame mvua inavyokuja kwenu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, hayo kila mtu anayajua. Ila magharibi mwa Kenya mvua haifuati kalenda kikamilifu, na ukipanda juu kuelekea Kakamega inanyesha hata Julai na Agosti. Linalokuhusu wewe zaidi ni saa.

Kisumu, siku nyingi za msimu, asubuhi huwa shwari. Jua linapanda, upepo unatoka ziwani kwenda bara, na kufikia alasiri mawingu yamejikusanya juu ya milima ya Nandi upande wa mashariki. Kuanzia saa tisa au saa kumi utayaona yamegeuka rangi ya bluu iliyokolea, kisha upepo wa baridi unakuja ghafla na vumbi la Kibuye linainuka. Huo upepo ukinipiga shingoni nikiwa kwenye cherehani, najua nina kama robo saa. Wanaokusanya mitumba yao haraka ndio wanaoijua mvua, watazame hao.

Maana yake kwa mwendesha baiskeli ni kwamba jioni utarudi na mvua yenyewe, lakini asubuhi utakuta mabaki ya mvua ya usiku: lami iliyolowa, mchanga ulioteremka, majani, matawi. Usidanganywe na jua la saa moja asubuhi. Barabara chini ya miti hukaa na maji hadi saa tatu, na hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Hatua ya pili: breki

Kama una fedha ya kutengeneza kitu kimoja tu, tengeneza breki. Nitakaa hapa muda mrefu.

Baiskeli zetu nyingi ni zile tunazoziita Black Mamba, zenye breki za fimbo. Ukivuta mkono wa breki, vyuma vinainua raba mbili zinagusa rimu kwa upande wa ndani. Rimu ni ya chuma iliyopakwa kromu. Ikiwa kavu inashika vizuri. Ikilowa, utando mwembamba wa maji unakaa kati ya raba na kromu, na utavuta kwa nguvu zako zote huku gurudumu likiendelea kuzunguka kana kwamba hujagusa kitu.

Asubuhi moja ya Aprili nilikuwa nashuka Riat, barabara imelowa, mvua yenyewe ilikwisha usiku. Matatu iliyo mbele ikasimama kuchukua abiria. Nikavuta. Hakuna. Nikavuta tena, nikaona taa zake nyekundu zinakuja, nikageuza hendo kuelekea nyasi. Niliumia kifundo cha mkono wa kulia, ule ninaokatia kitambaa, na kwa majuma mawili sikuweza kushika mkasi.

Nilipopeleka baiskeli kwa fundi mmoja mzee pale Kondele, alizifungua raba za breki, akazigeuza kwenye mwanga.

"Binti, unashuka Riat na hizi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Njoo uzitazame."

Uso wa raba ulikuwa unang'aa kama kioo cheusi. Akachukua ncha ya msumari, akachokoa, ikatoka chembe ya chuma nyembamba kama ukucha wa paka. Akachokoa nyingine. Zilikuwa tano. Kila nilipofunga breki, chuma kilikuwa kinagusa chuma. Tangu siku hiyo kazi ifuatayo naifanya mwenyewe kila Jumapili jioni wakati wa msimu:

1. Fungua raba zote nne. Kama zinang'aa, zisugue kwa msasa juu ya jiwe bapa mpaka uso uwe mweusi usio na mng'ao. Chokoa kila chembe ya mchanga au chuma kwa sindano kuukuu.

2. Bonyeza raba kwa ukucha. Ikiwa ngumu kama kwato, itupe. Raba zinazochongwa kutoka tairi la gari hudumu sana, na ndiyo sababu wengi tunazipenda, lakini nimeona kwenye maji hazishiki kama zile laini za dukani. Msimu wa kiangazi tumia hizo za tairi ukitaka. Mvua zikianza, weka laini, hata kama utazibadilisha mara kwa mara.

3. Osha rimu pande zote kwa maji na sabuni, kausha kwa kitambaa safi. Usipitishe kamwe mafuta wala grisi karibu na rimu. Watu wengi hupaka mafuta baiskeli nzima ili isishike kutu, kisha wanashangaa breki zimekufa.

4. Rudisha raba, zungusha gurudumu, hakikisha zote mbili zinagusa kwa wakati mmoja na kwa uso wote, si kwa pembe. Vuta mkono wa breki hadi mwisho: ukigusa hendo kabla gurudumu halijasimama kabisa, kaza fimbo.

5. Sasa jaribu kwa maji. Tafuta mahali tambarare pasipo na magari, endesha kwa mwendo wa mtu anayekimbia, funga breki kwenye alama, hesabu hatua zako kutoka alama hadi uliposimama. Kisha mwaga kikombe cha maji kwenye kila rimu, urudie. Mimi, kavu ni hatua nne. Iliyolowa, hatua kumi na moja, na hapo breki zangu zimetengenezwa vizuri. Hiyo namba yako ya pili ikariri, maana ndiyo nafasi unayopaswa kuacha mbele yako kila siku ya mvua, na kwenye mteremko uiongeze.

Aliye na uwezo wa kubadilisha magurudumu aweke rimu za alumini na breki za waya. Tofauti kwenye maji ni kubwa, na nimeipanda ya jirani yangu nikaiona. Mimi bado niko na ya fimbo, kwa hiyo nashuka taratibu.

Hatua ya tatu: tairi, madigadi na cheni

Tairi la nyuma lililoisha meno libadilishe mvua zikikaribia. Upepo usijaze mpaka tairi liwe gumu kama mbao. Punguza kidogo, kiasi kwamba ukibonyeza kwa dole gumba linaingia kidogo tu, ili tairi liguse ardhi kwa upana zaidi. Binamu yangu anasema hata wao hupunguza upepo theluji ikianguka. Lakini kama una mzigo mzito, usipunguze sana, maana shimo moja litabana tyubu kwenye rimu na utapata pancha.

Madigadi ya mbele yaongezee kipande cha mpira kinachoning'inia karibu na ardhi, kilichokatwa kwenye tyubu ya gari au ndala kuukuu. Ni jambo dogo lakini ndilo linalozuia maji machafu kurukia miguu na cheni. Kwa watu wa Kano, Ahero na Rabuor, kwenye udongo mweusi, mambo ni kinyume. Udongo ule hunata, hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakwama. Wao wanapaswa kuinua madigadi yakae mbali na tairi, au kuyaondoa kabisa, na kubeba kijiti cha kuchokolea.

Cheni: mafuta ya cherehani ninayo tele, na mwanzoni ndiyo niliyotumia. Ni mepesi mno, mvua moja inayaosha yote. Tumia oili ya injini iliyo safi, tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedali nyuma mara kadhaa, kisha pangusa yanayobaki nje. Ile oili chafu iliyomwagwa gereji usiitumie, ina chembe za chuma zitakazoila cheni na freiwili.

Pedali zilizolowa huteleza. Zungushia kila moja ukanda wa tyubu kuukuu, ukaze. Inatosha.

Hatua ya nne: koti la mvua, kwa wanaoweza kushona au kumtuma fundi

Hapa niko nyumbani, mnivumilie.

Makoti mengi ya mvua yanayouzwa yameshonwa kwa mtu anayetembea. Mwendesha baiskeli ameinama, mikono iko mbele, mgongo umenyooka kuelekea mvua. Koti la kutembea likivaliwa kwenye baiskeli, mikono inapanda hadi karibu na kiwiko, mgongo unabaki wazi kiunoni, na maji yanakusanyika mapajani. Na lile shuka la plastiki la kujitupia lisilo na mikono silipendi hata kidogo kwenye barabara kuu. Lori likikupita, upepo wake unalijaza kama tanga na kukusukuma pembeni.

Kitambaa kizuri ni nailoni ya miavuli, au turubai jepesi lenye mpako wa plastiki kwa ndani. Chagua njano au rangi ya chungwa. Vipimo vichukue mteja akiwa amekaa kwenye baiskeli, ameshika hendo. Mgongo uwe mrefu kuliko mbele kwa shibiri nzima. Mikono uiongeze vidole vinne na uiwekee mpira mwishoni.

Kata mwili na mikono kipande kimoja, kama kaftani, kitambaa kikunjwe begani bila mshono. Mvua inapiga mabegani kuliko mahali pengine popote, na kila tundu la sindano ni dirisha la maji. Kwa sababu hiyohiyo usitumie pini, kwa kuwa tundu la pini kwenye kitambaa cha mpako halifungi tena. Shikiza kwa vibanio vya kuanikia nguo. Weka sindano mpya namba 14 na mshono mrefu wa milimita 4, ili matundu yawe machache. Kitambaa kikinata kwenye mguu wa cherehani, tandika ukanda wa gazeti juu yake, shona, kisha uchane gazeti.

Mishono ya pembeni ikunje kama mabati ya paa yanavyolaliana: cha juu kikipanda cha chini, maji yateremke bila kuingia. Ukimaliza, sugua mshumaa juu ya kila mshono, ndani na nje, mpaka uone weupe, kisha pitisha pasi yenye moto mdogo kabisa juu ya kitambaa cha pamba kilichofunika mshono. Nailoni huyeyuka, usiwe na haraka. Nta itaingia kwenye matundu. Rudia kila baada ya miezi miwili.

Kwapani acha pawe wazi, upana wa kiganja. Wateja wengine hunibishia hapo. Lakini ukipanda Riat jioni umefungwa nailoni pande zote, utalowa jasho kuliko mvua, na ukifika juu penye upepo utatetemeka. Kofia ya koti iwe nyembamba, ikae chini ya helmeti, na isizibe macho pembeni. Ukigeuka kutazama nyuma, lazima uone barabara na si kitambaa.

Kwa wanawake wenzangu: sketi au leso ndefu na cheni iliyolowa havipatani. Vaa suruali njiani, badilisha ukifika.

Hatua ya tano: mzigo ukae mkavu

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, ile njia ya kufunga kila kitu kwenye karatasi mbili za nailoni ikaisha. Mifuko ya kitambaa tuliyonayo sasa haizuii maji. Nilijaribu gunia la mbolea lenye bitana, likafaa kwa muda, likachanika.

Ninachotumia ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ile ya mafuta ya kupikia au rangi, iliyooshwa vizuri. Inalala ubavu juu ya keria, mfuniko ukiangalia nyuma, imefungwa kwa ukanda wa tyubu mara mbili, juu na kuvuka. Ndani mnaingia sare sita zilizokunjwa, viatu vikavu, simu na chakula. Mvua ya masika imeipiga ndoo hii miaka minne na sijawahi kutoa nguo yenye unyevu. Usiisimamishe wima, inayumba kwenye kona na inavuta baiskeli.

Miguuni mimi navaa sandali za mikanda wala si gambuti. Gambuti maji yakiingia kwa juu hayatoki, na unakanyaga pedali ukiwa na ndoo mbili miguuni. Sandali hulowa na kukauka. Ila kwenye maji yaliyotuama, hasa karibu na ziwa na mashamba ya mpunga, shuka uyazunguke, maana kichocho huingia kupitia ngozi.

Hatua ya sita: barabarani

Hatari kubwa ya lami ni dakika za kwanza. Siku nyingi za jua zimeacha oili, vumbi na raba za magari juu yake, na matone ya kwanza yanavichanganya kuwa utelezi. Mvua ikishanyesha kwa nguvu kwa muda, barabara inasafishika na inashika kuliko mwanzo. Kwa hiyo ikianza tu, mimi nasimama kwenye kibaraza cha duka, navaa koti bila pupa, nangoja. Watu wengi hufanya kinyume, wanaongeza mwendo ili wafike kabla hawajalowa, na hapo ndipo wanapoanguka.

Kushuka mteremko kunaanzia juu. Ukiwa kileleni na baiskeli iko karibu kusimama, gusa breki zote mbili kidogo, achilia, gusa tena. Kila mguso unapangusa maji kwenye rimu. Endelea hivyo mpaka chini, usiache baiskeli ishike kasi hata mara moja, kwa sababu breki iliyolowa inaweza kuuzuia mwendo usikue lakini mwendo ukishakua haiurudishi. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kisha pita kona bila kugusa breki ya mbele. Mvua ikiwa kali, shuka utembee na baiskeli. Mimi hutembea sehemu kali ya Riat asubuhi nyingi za Aprili, na huwa nimeondoka nyumbani nusu saa mapema nikiijua hesabu hiyo.

Alama zilizopakwa rangi huteleza: kivuko cha milia, mistari ya matuta, mishale. Vifuniko vya chuma vya mitaro pia. Vipite ukiwa umenyooka, bila kukanyaga pedali kwa nguvu na bila breki. Reli nayo, kwa wa upande wa Kibos ambako njia ya Kisumu kwenda Nakuru inapita, ivuke kwa pembe ya mraba. Ukiivuka kwa mshazari tairi litaingia kwenye mfereji wa reli na utaanguka papo hapo. Kama gari liko nyuma na huna nafasi ya kujinyoosha, shuka.

Usiendeshe ukingoni kabisa mwa lami. Ndiko maji yanakokusanyika, ndiko ukingo umemeguka, na chini ya maji huoni shimo. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni, nyoosha mwendo, usiyumbe kukwepa kila kidimbwi. Dereva anaweza kumpisha mtu anayejua anakokwenda.

Kwenye tope jekundu, shikilia hendo kwa mikono iliyolegea, uzito uwe nyuma kwenye tandiko, kanyaga kwa mwendo mmoja bila kusita. Gurudumu la mbele likianza kuteleza usilipinge kwa nguvu, liache lijirudishe. Fuata nyasi za pembeni kama zipo. Njia iliyosuguliwa na pikipiki katikati inaonekana nzuri lakini ndiyo yenye utelezi zaidi.

Na maji yakivuka barabara, simama. Maji yanayokwenda kasi yakifika kifundo cha mguu tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Watu wa Ahero wanaoujua Mto Nyando unapovunja kingo zake hawahitaji kuelezwa. Mjini pia, huoni kama kifuniko cha mtaro bado kipo. Ngoja, au zunguka, au lala kwa ndugu.

Hatua ya saba: radi

Magharibi mwa Kenya radi zinaua, hasa Kakamega na Kisii. Raba za baiskeli hazikulindi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu chini ya 30, ingia ndani ya jengo lenye kuta, au ndani ya gari lililofungwa. Mti hapana, hata kama umejaa watu. Kibanda cha mabati kisicho na kuta hapana. Acha baiskeli mbali nawe, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nimewahi kukaa duka la kinyozi pale Mamboleo saa nzima na nusu, nikafika nyumbani saa tatu usiku, watoto wamelala. Nitakaa tena.

Mvua ya mawe haingoji uhesabu. Funika uso, shuka, ingia popote penye paa, na ngurumo zikiwapo fuata kanuni ya juu. Mawe yakishatanda juu ya lami, sukuma baiskeli kwa miguu mpaka yayeyuke. Hapo ndipo unapojua kidogo anachokijua binamu yangu.

Hatua ya nane: uonekane

Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, lakini mawingu ya masika yanaleta giza saa kumi na moja. Madereva hawajawasha taa bado, vioo vyao vimejaa maji, na wewe ni kivuli. Washa taa mvua inapoanza, usingoje usiku. Taa nyekundu nyuma ni muhimu kuliko ya mbele, iweke juu ya ndoo isifichwe na koti. Nimeshona pia kanda za rifleta kutoka kizibao kuukuu cha mjenzi: moja mgongoni, na moja kwenye kila kifundo cha mguu. Ya mguuni inapanda na kushuka ukikanyaga pedali, na dereva anaitambua kuwa ni baiskeli akiwa bado mbali.

Hatua ya tisa: ukifika

Usiingie ndani ukalala. Geuza baiskeli chini juu, iache maji yatoke kwenye fremu. Mwaga maji safi kidogo kwenye rimu na cheni kuondoa mchanga, pangusa kwa tambara, weka matone ya oili kwenye cheni. Tandiko la ngozi lifunike, likikauka kwa jua kali linapasuka. Koti lianike kwa kulitandaza juu ya kamba, lisining'inizwe kwa msumari, maana uzito wa maji unavuta mshono wa shingo. Lisikunjwe likiwa na unyevu, litaota ukungu na kunuka.

Kisha, kabla ya kuosha mikono, vuta breki zote mbili mara moja na uangalie zinavyogusa. Mimi huacha msasa na sindano kuukuu kwenye kopo karibu na mlango, ili nisiwe na sababu ya kuahirisha mpaka asubuhi, saa kumi na moja na nusu, nikiwa na haraka na Riat ikiwa imelowa.